Mchungaji Aliyevunja Kanisa Lake

Mchungaji aliingia katika siasa kwa sababu ya ugomvi na mkewe. Baadaye watu walisimulia kwamba alioteshwa ndoto, wengine kwamba alitumwa na wakubwa, na yeye mwenyewe hakujisumbua kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba alasiri moja ya mvua mkewe, aliyekuwa nesi katika zahanati ya mtaa, alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kizingiti cha jiko na sare yake mwilini. Mtoto wa nne kwa wiki ile alikuwa amemfia mikononi kwa kuhara. Mchungaji akamwekea mkono begani, akasema kama alivyozoea kusema kwa miaka kumi na tisa, "Tuombe, mama."

"Omba wewe," mkewe akamjibu. "Mimi yule mtoto nimemtibu mara tatu. Nampa dawa, anapona, anarudi kwao kunywa maji yale yale. Mungu hakutunyima akili, Baba. Alichotunyima ni diwani."

Mchungaji aliondoa mkono. Alikuwa na jibu la kila msiba, na majibu hayo alikuwa ameyatoa makaburini mara nyingi kiasi kwamba aliyajua kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Siku hiyo aliyaweka kando, akainama kuvipangusa matope viatu vya mkewe.

Mtaa wao ulikuwa bondeni kabisa mwa jiji, mahali ambapo mitaa yote ya juu iliteremshia uchafu wake. Katikati ulipita mto mdogo. Kiangazi ulikuwa uzi tu, watoto wakiuruka kwa mguu mmoja. Mvua ikikazana, mto ulivimba, ukatafuta pa kupita ukakuta kuta, mabanda na marundo ya takataka, basi ukapanda vyumbani kwa watu, ukapitia vyooni, ukamalizikia visimani. Kila mtu alilijua hilo. Mchungaji mwenyewe aliwahi kufungisha ndoa huku amevaa gambuti chini ya joho, maji yakiwa yamemfika kifundoni ndani ya kanisa, na bibi harusi amebebwa mgongoni na kaka yake. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mchungaji Gambuti, na jina lile likamganda kama kupe.

Asubuhi ya pili baada ya ugomvi alikwenda kwa diwani. Alikaa kwenye benchi mpaka saa saba, akaingizwa, akaambiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Akauliza ni kazi gani na nani anaifanya. Diwani akacheka kwa upole, kama mtu anayemchekea mtoto aliyeuliza jua hulala wapi, akamtakia baraka. Mchungaji alirudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba uchaguzi ujao atagombea kiti kile. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa, ila alisema, "Haya, angalau sasa tunaongea."

Askofu wake hakulipenda jambo hilo. Alimwita, akamweleza kwamba madhabahu na sanduku la kura ni wake wawili wasiokaa nyumba moja, na akichaguliwa atalazimika kuuacha utumishi mpaka muda wake uishe. Mchungaji alikubali. Jumapili ya mwisho aliikunja ile kola yake nyeupe, akaiweka kwenye droo ya soksi, akaingia mitaani kuomba kura kwa watu aliokuwa amewabatiza. Alishinda. Wapinzani wake walilalamika kwamba mtu aliyekuzikia mama yako huwezi kumnyima kura, nao hawakukosea sana.

Kipindi chake cha kwanza barazani kilikuwa cha kujifunza na kuchekwa. Aligundua kwamba ukali wa mimbarini haufui dafu mbele ya kanuni za kikao, kwa hiyo akazisoma kanuni zenyewe, ukurasa kwa ukurasa, akizipigia mistari kwa kalamu nyekundu kama alivyokuwa akifanya na Maandiko. Siku moja alikuja na chupa ya maji ya mtoni, akaiweka juu ya meza mbele ya madiwani wenzake, akaomba yeyote anayesema mto ni safi anywe funda moja. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba pale si madhabahuni. Chupa ikaondolewa na mhudumu kwa ncha za vidole. Lakini mwezi uleule visima viwili vya mtaa wake vilifukiwa na bomba la maji safi likavutwa mpaka mbele ya zahanati, na wenzake wakaanza kumuita "mheshimiwa" bila kubana kicheko.

Umeya ulimwangukia kwa namna ambayo hata yeye hakuitarajia. Katika jiji lile meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, na baada ya uchaguzi uliofuata baraza liligawanyika pande mbili zenye nguvu sawa. Walipiga kura mara tatu, mara tatu wakatoka sare. Watu huambiwa kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii tembo walichoka, wakaamua kuzikalisha nyasi kitini. Walimchagua Gambuti kwa sababu kila upande uliamini hana meno. Mtu wa Mungu, walisema, atafungua mikutano kwa sala, atakata utepe, na sisi tutaendelea na yetu.

Ofisi ya meya ilikuwa chumba kirefu chenye zulia lililochanika mlangoni, meza pana kama kitanda, na kiti kilichoegemea kushoto kwa sababu meya aliyetangulia alikuwa mnene wa upande mmoja, au ndivyo karani alivyopenda kusema. Mashine ya kupoza hewa ilidondosha maji ndani ya ndoo ya plastiki. Wiki ya kwanza alipewa joho jekundu na mkufu mzito wa shaba. Mkewe alimtazama kwenye kioo, akasema baada ya la kanisa na la udiwani, joho la tatu katika ndoa moja ni balaa, na kwamba hili halifuliki.

Mgeni wa kwanza aliyemwita mwenyewe alikuwa mhandisi wa jiji, mama mwembamba aliyebakiza miaka miwili kustaafu, ambaye huvaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na kuitafuta yote. Meya alimuuliza swali moja: mto wa bondeni utapitaje bila kuua watu? Mhandisi alimwangalia kwa muda, kama anayepima iwapo swali lile ni la kweli. Kisha akatoka, akarudi na ramani kuukuu iliyoviringishwa, akaitandaza mezani na kuikandamiza pembe kwa vikombe vya chai.

Ilikuwa ramani ya jiji kabla ya wao kulijaza. Mto ulichorwa kwa wino wa bluu, na kila upande, hatua thelathini kutoka ukingoni, ulipita mstari mwekundu. Ndani ya mistari ile miwili, mhandisi alieleza, hapakutakiwa kujengwa hata banda la kuku. Juu yake alikuwa ameweka karatasi nyembamba ya kuonyesha majengo ya sasa. Akayataja: nyumba ishirini na nane, gereji moja, ghala kubwa la tajiri wa saruji. Vikiondolewa hivyo, na mto ukichimbwa na kupanuliwa, maji yatapita. Visipoondolewa, hata wachimbe mpaka kuzimu, hayatapita.

Meya alihesabu kwa kidole vibanda vilivyochorwa kwenye karatasi ile. Vilikuwa thelathini na kimoja. Alivyotajiwa vilikuwa thelathini.

"Kanisa langu liko wapi hapa?" akauliza.

"Hapo penye kidole chako, Mheshimiwa," mhandisi akasema.

Aliondoa kidole. Kanisa lilikaa katikati ya mistari ile miwili kama mfupa kooni. Kiwanja kile alikitafuta yeye mwenyewe miaka kumi na sita iliyopita. Kilikuwa kiwanja pekee kilichobaki wazi mtaani, na katika furaha yao hakuna aliyejiuliza kwa nini kilibaki wazi. Walipewa hati yenye mihuri mitatu. Walijenga kwa miaka saba, tofali kwa tofali, Jumamosi baada ya Jumamosi. Aliyejenga hasa alikuwa kaka wa mkewe, mwashi ambaye mtaa mzima humwita Fundi bila kuongeza neno, na aliyemsogezea matofali alikuwa mchungaji mwenyewe, mikono imechubuka mpaka Jumapili akishindwa kukunja kurasa.

Siku tatu meya hakuigusa ile ramani. Lazima hilo lisemwe, maana wanaomsifu hulisahau. Diwani mmoja mjuzi wa mambo alikuja kumshauri kwamba mstari ni wino tu, na wino husogezwa. Mto ukipindishwa kidogo kwenye mchoro, kanisa litapona na hakuna atakayejua. Meya hakumfukuza. Alimwambia atafikiri, na alifikiri kweli, akiwa garini, akiwa mezani, akiwa kwenye mikutano ya watu wengine. Jumamosi alimweleza mkewe wakiwa wanaanika nguo. Mama yake mkewe alikuwa ameagwa katika kanisa lile, na watoto wao watatu walibatizwa humo. Mkewe alibana shuka kwenye kamba, akabana la pili, ndipo akamuuliza:

"Ukiupindisha kwenye karatasi, mto wenyewe utapinda?"

Jumatatu alimwita mhandisi, akamwambia waanze matayarisho, na kwamba jengo la kwanza kuondoka litakuwa kanisa. Akaweka na sharti la pili: hakuna nyumba itakayoguswa kabla mwenye nyumba hajapewa kiwanja kingine mlimani chenye maji na njia. Sharti hilo lilichukua miezi minane ya kugombana na ofisi moja baada ya nyingine. Alijifunza kukaa kwenye viti vya wanaosubiri na kutokubali kuondoka. Makatibu walianza kumpikia chai kwa sababu walijua hatoki.

Tajiri wa ghala hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutabasamu, mwenye mawakili wawili na suti za rangi ya mchanga. Alipohojiwa na waandishi wa habari alisema maneno ambayo aliyaona ni mwisho wa mjadala: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku meya atakapovunja kanisa lake, na mimi nitavunja ghala langu." Watu walicheka. Magazeti yaliandika. Tajiri akarudi kwenye kazi zake akiwa na hakika kwamba ametia kufuli.

Kabla ya notisi kubandikwa, meya aliomba ruhusa ya mchungaji aliyemrithi, akasimama mbele ya waumini. Hakupanda mimbarini. Alisimama chini, kati ya safu mbili za mabenchi, akawaeleza kila kitu, ramani, mistari, watoto wanne wa wiki ile, na kosa lake la kuchagua kiwanja. Kisha Fundi akainuka kutoka safu ya tatu. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye mikono ambayo saruji ilikuwa imeikausha kama ngozi ya ngoma, na hakuwa na mazoea ya kusema kanisani.

"Shemeji," akasema, "nilipokuwa nanyanyua ukuta huu wewe ulikuwa hapo chini unanipa tofali. Hukuuona mto?"

"Niliuona," meya akasema. "Sikuuangalia."

Fundi alichukua kofia yake akatoka nje, na watu wapatao arobaini wakamfuata. Tangu siku hiyo hakumsemesha shemeji yake. Hakuacha kuja kwao, kwa sababu pale palikuwa kwa dada yake na hakuna meya wa kumzuia mtu kwenda kwa dada yake. Alikuja Jumapili kama kawaida, akakaa meza ileile, akapitisha maneno kwa mzunguko. "Dada, mwambie mumeo anisogezee chumvi." Na meya, ambaye chumvi ilikuwa mbele yake, alingoja aambiwe na mkewe ndipo aisogeze. Mkewe alisema hajawahi kuona wazee wawili wakicheza mchezo wa watoto kwa uso mkavu namna ile.

Siku ya kuvunja, tingatinga la jiji lilifika saa moja na nusu asubuhi. Waumini walikuwa wamejipanga upande wa pili wa barabara, wengine wakilia waziwazi. Meya alikuwa amekuja bila joho wala mkufu, na shati lake la kazini. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini alipotokea Fundi na ngazi begani, na nyuma yake mafundi sita wenye mitaimbo na nyundo. Alipita mbele ya meya kana kwamba anapita mbele ya nguzo ya umeme, akamwendea dereva, akamwambia azime. Mashine haijui kutoa dirisha, alisema. Mashine inajua kuvunja tu. Mbao za paa zile alizichagua mwenyewe moja moja, na fremu za madirisha ni za mti mgumu usiopatikana tena. Atazitoa yeye, na zikiisha, mashine ifanye yake.

Dereva alimwangalia meya. Meya akaitikia kwa kichwa.

Fundi aliegemeza ngazi ukutani, akapanda. Ardhi ilikuwa laini na ngazi ikayumba. Meya akasogea, akaishika kwa mikono miwili. Fundi alichungulia chini, akaona ni nani. Halafu akaendelea kupanda. Walifanya kazi mpaka saa tisa, mmoja juu akiteremsha mabati na mbao, mwingine chini akizipokea, bila neno hata moja kupita kati yao. Meya alichomwa na msumari kwenye kiganja, akakifunga kwa leso, akaendelea kupokea. Saa tisa na nusu tingatinga liliingia, na kazi ya miaka saba ikalala chini kwa dakika ishirini. Vumbi lilipotulia, kwa mara ya kwanza tangu watu wengi wahamie pale, uliweza kusimama barabarani na kuuona mto.

Picha ya meya akiwa na tando za buibui kichwani na ngazi mikononi ilitoka magazetini siku ya pili, na chini yake yale maneno ya tajiri wa saruji, herufi kwa herufi. Tajiri alikwenda mahakamani. Lakini popote alipopita watu walimuuliza, kwa adabu kabisa, ghala linavunjwa lini. Wapakizi wake walimuuliza. Mkwewe alimuuliza. Mahakama ilipoitupa kesi yake, alileta mashine zake mwenyewe akalibomoa, na kuwaambia waandishi kwamba siku zote yeye ni mtu wa maendeleo.

Nyumba ishirini na nane na ile gereji zilifuata, watu wakihamishwa kwa malori ya jiji, makochi na majogoo juu. Haikuwa rahisi. Bibi mmoja alikataa kushuka kitandani, wakamhamisha na kitanda chake, akisimamia kazi huku ameegemea mto wake wa kulalia. Walichimba kiangazi kizima. Mhandisi aliahirisha likizo yake ya mwisho na kushinda pale na miwani yake miwili, matope mpaka magotini.

Mvua zilianza mchana wa Alhamisi na hazikukatika mpaka kesho yake. Meya alisimama darajani pamoja na nusu ya mtaa. Maji yalikuja mekundu, yakiwa na matawi na ndoo na mlango mzima wa choo, yakajaa mpaka karibu na ukingo. Yakakaa hapo. Kisha yakaendelea na safari yake. Juu kidogo, kwenye kalavati jembamba linalopita chini ya barabara kuu, nyumba saba zilifurika kama zamani, na meya aliondoka darajani kwenda huko bila kungoja kupongezwa. Lakini mwezi ule mkewe alilaza wagonjwa wawili wa kuhara katika zahanati ambayo zamani ililaza thelathini, na wote wawili walirudi kwao wakitembea.

Muda wa umeya ulipokwisha, zile pande mbili za baraza, ambazo hazikuwahi kukubaliana hata rangi ya pazia, zilikubaliana kwa mara ya kwanza. Hazikumtaka tena. Walikuwa wamegundua meno. Alishindwa kwa kura nyingi, akavua mkufu, akamkabidhi karani, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Alimkuta Fundi sebuleni, peke yake, kofia magotini. Mkewe alikuwa zahanati. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno.

Fundi alikohoa. "Shemeji," akasema, "wamekuonea."

"Ndiyo siasa," meya akajibu.

"Basi siasa imekuonea." Akasogea upande mmoja wa kochi, na mwenzake akaketi. Walikaa hapo hadi mkewe aliporudi na kuwaletea chai, wakizungumzia bei ya mabati.

Muda wake wa udiwani nao ulipoisha, askofu alimrudishia kola yake. Hakumrudisha kwenye kundi lake la zamani, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamemsamehe, na yeye hakuona sababu ya kuwalazimisha. Alimpa mlima, kule walikohamishiwa watu wa zile nyumba ishirini na nane, wakisali katika darasa la shule ya msingi, wakubwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Jumapili ya kwanza walikuja thelathini na tisa. Alihubiri kwa muda mfupi, maana barazani alikuwa amezoea kupewa dakika tano.

Walipoanza kuzungumza habari za kujenga, kulikuwa na kiwanja kizuri karibu na shule, tambarare, kitupu. Watu walikipenda mara moja. Mchungaji alikizunguka mara mbili. Kisha akamtumia salamu yule mhandisi, ambaye sasa alikuwa mstaafu akilima maua, akamwomba aje kabla mtu hajachomeka hata kijiti. Mama yule alifika Jumatano na futi kamba na ramani zake kwapani. Wakatembea wote watatu, yeye, mchungaji na Fundi, wakifuata mfereji mkavu uliojificha kwenye nyasi ambao hakuna aliyekuwa ameujali, wakiupima mpaka jua likawa utosini.

"Hapa hapana," mhandisi akasema mwishowe.

"Wapi basi?" Fundi akauliza.

Akawaonyesha mwinuko wenye mawe, mbali zaidi, mbaya wa kutazama, ambako kila tofali litabidi libebwe kwa kichwa. Fundi aliguna. Mchungaji alikwisha kukunja mikono ya shati, akaanza kupanda.